Uzi: Damu kabla ya kufika hospitali. Tafiti zinapingana kweli? Na kwetu ingefaa?

Mzee wa Kipimo (mleta uzi)

Wakuu, salaam. Ikitokea ajali kubwa ya basi, hoja hii haichelewi: kwa nini ambulansi zetu hazibebi damu kama za wenzetu? Na hapohapo anaibuka mmoja kusema Waingereza walishalifanyia utafiti wakakuta halina faida, tufunge mjadala. Mimi ni mtu wa maabara ya damu, hospitali ya mkoa, na naona wote wawili wameshika nusu ya jambo. Ni gazeti refu. Asiye na muda apite tu, hatugombani.

Tuanze na namna mtu anavyokufa kwa kutoka damu, maana hapo ndipo wengi tunaparuka. Mtu mzima wa kilo 70 ana damu kama lita 5. Mfupa wa paja ukivunjika unaweza kuficha lita moja hadi moja na nusu ndani ya nyama, nje usione hata tone. Nyonga ikifunguka ni zaidi ya hapo, na tumbo likijaa damu hakuna bandeji itakayosaidia. Damu ikipungua, viungo vinakosa oksijeni na mwili unaanza kutengeneza asidi. Joto linashuka. Damu yenye asidi na baridi haigandi vizuri, kwa hiyo inatoka zaidi, na inapotoka zaidi mwili unapoa zaidi. Kuna majeruhi wanaofika hospitali damu yao tayari imeshapoteza uwezo wa kuganda, kabla hata daktari hajawagusa.

Sasa sisi tunampa nini huyo mtu? Dripu ya maji ya chumvi. Maji hayabebi oksijeni wala hayana vigandishaji, na mara nyingi yako kwenye joto la chumbani, yaani ni baridi kuliko mwili. Ni sawa na kuongeza maji kwenye mchuzi: sufuria inajaa, nyama ni zilezile. Presha ikipanda ghafla inaweza pia kung'oa donge la damu ambalo mwili ulikuwa umeshalitengeneza kwa taabu. Hili lilipimwa Houston, Marekani, na matokeo yakatoka mwaka 1994: watu 598 waliochomwa visu au kupigwa risasi kiwiliwili, presha ikiwa chini. Waliowekewa maji mapema walinusurika asilimia 62. Ambao maji yao yalisubiri hadi chumba cha upasuaji, asilimia 70. Na huku kwetu kuna utafiti wa FEAST wa mwaka 2011, watoto 3,141 wa Kenya, Uganda na Tanzania, Muheza ikiwemo. Hao hawakuwa majeruhi, walikuwa watoto wenye homa kali na dalili za mzunguko wa damu kudhoofu. Waliomiminiwa maji ya haraka walikufa zaidi ya wasiomiminiwa, 10.6 kwa mia dhidi ya 7.3. Kwa hiyo mtu akikuambia "weka dripu tu, haina madhara", mwambie akasome.

Kumpelekea majeruhi damu aliko si wazo jipya. Mwaka 1917, katika vita vya Cambrai huko Ufaransa, daktari wa jeshi la Marekani aitwaye Oswald Robertson alikuwa na akiba ya damu ya kundi O, imechanganywa na sitreti isigande, imewekwa kwenye barafu, akawawekea askari karibu na mstari wa mapigano. Madaktari wa jeshi waliokuwa vitani Afghanistan karne hii walirudi palepale. Uchambuzi uliochapishwa 2017 uliangalia askari wa Marekani 502 waliochukuliwa na helikopta wakiwa na majeraha mazito. Waliopewa damu au plazma (yale majimaji ya damu yenye vigandishaji) ndani ya helikopta walikuwa 55, na ndani ya saa 24 walikufa 3. Kati ya wale 447 wengine walikufa 85. Faida ilionekana pale damu ilipoanza ndani ya dakika 15 tangu helikopta imfikie mtu. Waliochelewa kuanza, faida haikuonekana.

Lakini huo haukuwa utafiti wa kupanga watu kwa kura. Waliopewa damu huenda walikuwa na bahati nyingine. Ndiyo maana zikafanyika tafiti za kura, na hapo ndipo ugomvi ulipozaliwa. Nitaendelea baada ya zamu.

Mtaalamu Mtarajiwa

Nimeweka kambi. Mimi niko mwaka wa nne udaktari. Naomba usikwepe RePHILL, ule utafiti wa Waingereza, maana ndiyo inayotajwa kila siku darasani kwamba damu barabarani haina faida.

Dada wa Leicester

Shikamoo mleta uzi. Huku helikopta ya London ilianza kubeba damu Machi 2012, ikiwa ya kwanza Uingereza. Watu wanasahau kwamba ndani ya ile helikopta kuna daktari, si dereva na machela tu. Damu inakaa kwenye boksi maalumu lisilotumia umeme, na chupa isipotumika inarudi benki ya hospitali ikiwa na rekodi yake ya joto. Kila chupa lazima ijulikane imeingia mwilini mwa nani.

Mzee wa Kipimo

Marahaba, dada. Hilo la rekodi ndilo moyo wa mambo, nitalirudia.

Mtarajiwa, sikwepi. Tuzipange tafiti tatu mezani.

Ya kwanza ni PAMPer ya Marekani, 2018. Helikopta za vituo 27, wagonjwa 501. Nusu yao wakapewa chupa mbili za plazma wakiwa njiani, wengine huduma ya kawaida. Baada ya siku 30 vifo vilikuwa asilimia 23.2 kwa waliopata plazma na 33.0 kwa wasiopata. Karibu watu kumi katika kila mia. Kwenye tiba ya dharura ni nadra kuona pengo la namna hiyo.

Ya pili ni COMBAT, mwaka huohuo, jiji la Denver. Plazma hiyohiyo, ila kwa magari ya barabarani, watu 125. Hakuna tofauti iliyoonekana. Tatizo ni kwamba Denver hospitali iko karibu. Ile plazma ilihitaji kuyeyushwa kwanza ndani ya gari, na safari kwa kawaida haikufika nusu saa. Wengine waliingia getini chupa ndiyo kwanza zinaanza kutiririka.

Mwaka 2020 watafiti walichanganya takwimu za tafiti hizo mbili, wakauliza: je, muda wa safari ndio unaotenganisha? Wakakuta faida ya plazma iko kwa wale ambao safari yao ilizidi dakika 20. Chini ya hapo haikuonekana.

Ya tatu ndiyo RePHILL ya Uingereza, 2022. Watu 432, kura: kundi moja hadi chupa mbili za chembe nyekundu na mbili za plazma iliyokaushwa, kundi jingine hadi lita moja ya maji ya chumvi. Kipimo chao kikuu kiliunganisha mambo mawili, kifo au mwili kushindwa kusafisha asidi aina ya lakteti. Matokeo, 64 kwa mia dhidi ya 65. Sare. Waliposema "hakuna ushahidi wa faida", walisema kweli.

Lakini isomwe yote. Ilisimama kabla ya kufikisha idadi iliyopangwa kwa sababu ya korona. Kile kipimo mseto kinaweka mtu aliyekufa na mtu ambaye lakteti yake imechelewa kushuka kwenye kapu moja. Vifo vya saa tatu za mwanzo vilikuwa asilimia 16 kwa wenye damu na 22 kwa wenye maji. Kitakwimu tofauti hiyo haitoshi kudai ushindi, na mimi sidai. Nasema tu kwamba haitoshi pia kumfungia mtu mdomo. Zaidi ya hapo, waliopewa maji njiani walikuta damu inawasubiri hospitali, na timu nzima mlangoni. Utafiti ule uliuliza hivi: ukiwa tayari na daktari barabarani na hospitali iliyojaa damu mbele yako, kutangulia kwa muda kidogo kunaongeza nini? Swali zuri. Si swali la mtu aliyeangukia katikati ya Itigi na Chunya.

Tunduma Express

Hapo kwenye Itigi na Chunya umenigusa mkuu. Mimi ni wa malori. Sisi tunaofika kwanza hatuna helikopta wala plazma. Tunafanya nini?

Muuguzi wa Zamu

Mkuu umefundisha vizuri, lakini nikupeleke kwenye sakafu. Niko mapokezi ya dharura, hospitali ya wilaya. Huyo wa kupewa damu barabarani hata ambulansi hana! Analetwa na bajaji, amelazwa kiti cha nyuma, miguu inaning'inia nje. Ndugu wanamtafuta polisi wa PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu. Na ndani ya friji yetu usiku wa leo kuna chupa mbili za O. Mtoto wa malaria mwenye damu ya nne, yaani himoglobini imeshuka sana, yuko wodini, na mama mmoja leba anatoka damu. Unataka chupa hizo zipande gari zikatembee?

Mzee wa Kipimo

Muuguzi, hapo ndipo nilipokuwa nakwenda. Sitaki zipande gari. Nitaeleza, ila kwanza nimjibu dereva.

Tunduma, damu bora kuliko zote ni ile ambayo bado iko ndani ya mtu. Ukikuta jeraha linalomwaga, bandika kitambaa safi, gandamiza kwa viganja viwili kwa uzito wako wote, usiachie kuchungulia kila baada ya dakika. Kikilowa, ongeza kingine juu yake na uendelee kugandamiza. Mkono au mguu unaoruka damu na kugandamiza kumeshindikana, funga mkanda mpana juu ya jeraha, si juu ya kiungo kama goti, ukaze kwa kijiti mpaka damu isimame, andika saa. Utauma, na lazima uume. Kitu kilichochoma mwilini usikichomoe. Mfunike khanga, blanketi, turubai, chochote, hata kama ni mchana wa jua, kwa sababu baridi inaharibu kuganda. Usimpe maji ya kunywa wala soda. Na PF3 ifuate baadaye, mtu anayekufa anatibiwa kwanza.

Sasa hoja ya muuguzi. Kuna kitu kinachokuja kabla ya damu na hakihitaji friji: asidi ya traneksamiki, dawa inayosaidia donge la damu lisivunjike, ile wauguzi wa leba wanaijua. Utafiti wa CRASH-2, mwaka 2010, majeruhi 20,211, hospitali 274, nchi 40. Vifo vilishuka kutoka asilimia 16.0 hadi 14.5. Inaonekana kidogo, lakini ni dawa ya bei ya chini na inakaa kabatini. Sharti lake ni muda, ianze ndani ya saa tatu tangu kuumia, na mapema zaidi ndiyo bora. Baada ya saa tatu takwimu zilionyesha inaweza kuongeza vifo vya kutoka damu. Zahanati na kituo cha afya kando ya barabara kuu kinaweza kuitoa leo, kabla mgonjwa hajasukumwa wilayani.

Halafu damu yenyewe. Shirika la Afya Duniani linatumia kipimo cha chupa moja kwa kila watu mia kwa mwaka kama kiwango cha chini. Muuguzi ameshatueleza friji ikoje. Kubeba damu kwenye gari kabla hujajaza friji ni kuhamisha upungufu kutoka wodini kwenda barabarani.

Mtaalamu Mtarajiwa

Kwa hiyo unakubaliana na wanaosema tusahau?

Mzee wa Kipimo

Hapana. Tunadhani kuna njia moja tu, ile ya London. Tazama San Antonio, Texas. Tangu 2018 wanabeba damu nzima, yaani haijatenganishwa chembe na plazma, kwanza kwenye helikopta kisha kwenye ambulansi za kawaida. Damu ya kundi O chanya, kutoka kwa wanaume wenye kiwango kidogo cha kingamwili dhidi ya A na B, zile zinazoweza kushambulia damu ya mpokeaji asiye O. Chupa inakaa barabarani siku 14. Isipotumika inarudishwa kwenye hospitali kubwa ya majeruhi, ambako itatumika bila shaka kabla ya siku zake 35 kwisha. Yaani gari ni kituo cha kupitia tu. Kinachomwagwa ni kidogo sana. Huo mzunguko ndio nilioupenda kuliko helikopta zote.

Na kwa damu nzima sisi tuna nafasi ambayo wenzetu hawana. Wazungu wanahangaika na O hasi, kwa kuogopa kumpa msichana aliye hasi damu chanya akaja kupata shida kwenye mimba. Kwao hasi ni kama 15 kwa mia. Kwetu Afrika Mashariki waliohasi ni wachache sana, wanacheza kwenye 3 hadi 5 kwa mia, na karibu nusu ya watu ni kundi O. Ina maana O chanya inamfaa karibu kila anayeokotwa barabarani, hata akiwa mwanamke, uwezekano wa kuwa chanya ni mkubwa mno. Mtu anayesema "tusubiri O hasi" kwenye hospitali ya wilaya anasubiri kitu ambacho katika wachangiaji mia utakipata kwa wawili hivi. Kibaya zaidi, hata tukiipata tunaitumia kwa wanaume.

Tena vituo vyetu vingi havitenganishi damu, chupa inayotoka ni damu nzima tangu mwanzo. Tumezoea kuliona hilo kama udhaifu. Kwa majeruhi anayemwaga damu, chupa hiyo ina vyote: inabeba oksijeni, ina vigandishaji, na ikiwa bado mpya ina chembe sahani, zile zinazoanzisha donge, zinazofanya kazi. Kinachokosekana ni kupima kingamwili za A na B, na hiyo si kazi ya ajabu kwa maabara ya kanda.

Dada wa Leicester

Na wale wasiopokea damu kwa imani? Huku Mashahidi wa Yehova wengi hubeba kadi. Ukiikuta mfukoni, inaheshimiwa hata kama hajitambui.

Mzee wa Kipimo

Sawasawa. Na asiye na kadi wala fahamu anatibiwa kama dharura.

Tunduma Express

Vipi zile ndege zisizo na rubani za Rwanda? Si zingeleta damu palepale ajalini?

Mzee wa Kipimo

Zipline, kampuni yenye ndege hizo, ilianza Rwanda Oktoba 2016, kituo cha kwanza Muhanga. Ila wengi wanakosea hapo, dereva: zinapeleka damu hospitalini, hazipeleki kwa majeruhi barabarani. Utafiti uliochapishwa 2022 ulionyesha wastani wa dakika 50 hivi kutoka kuagiza hadi kufika, na damu inayoharibika kwa kupitwa na muda ilipungua kwa theluthi mbili. Sababu ni kwamba hospitali ndogo haihitaji tena kulimbikiza chupa zikaozea pale. Akiba inakaa mahali pamoja. Kumbe ni fikra ileile ya San Antonio kwa njia nyingine.

Kwa hiyo ningepewa mamlaka, nisingeanza na gari. Ningechagua hospitali chache kwenye barabara ndefu, zile ambazo majeruhi hupita kabla ya kufika rufaa, niziwekee akiba ndogo isiyoguswa ya O chanya, inayozungushwa kila wiki mbili kwenda hospitali ya mkoa ili isioze. Gari la rufaa likitoka pale na mgonjwa anayemwaga damu, linatoka naye chupa ikiwa inaingia mwilini. Hiyo ni damu njiani pia. Safari ya saa tatu kwenda rufaa ni ndefu kuliko zile za PAMPer, na muuguzi yumo ndani ya gari tayari.

Muuguzi wa Zamu

Hapo sasa tumeelewana. Maana tunavyofanya ni kumpakia na dripu, damu "atakuta mbele". Na anayesindikiza ni mimi peke yangu.

Mzee wa Kipimo

Ndiyo. Na ukisindikiza na damu, kuna mambo mawili wengi wanayasahau. Damu inatoka kwenye friji ya nyuzi 2 hadi 6. Ukiimimina hivyo unampoza mtu ambaye tayari ni baridi. Vifaa vya kupasha damu vipo, vinavyotumia betri. Kama huna, mfunike mgonjwa vizuri, na tafadhali usiichovye chupa kwenye maji ya moto, chembe zinapasuka. Jambo la pili ni kalsiamu. Ile sitreti inayozuia damu isigande ndani ya chupa inakamata kalsiamu ya mgonjwa, na bila kalsiamu moyo unalegea, damu haigandi. Hospitali zinazotoa damu nyingi kwa haraka huchoma na sindano ya kalsiamu mapema. Muulize daktari wako kabla ya safari, si katikati ya pori.

Mtaalamu Mtarajiwa

Na kulinganisha damu ya chupa na ya mgonjwa? Sisi tunafundishwa usitoe bila kulinganisha.

Mzee wa Kipimo

Kwa mgonjwa anayeweza kusubiri, usitoe. Kwa anayekufa mbele yako, O inatoka bila kulinganishwa, ikiwa imepimwa magonjwa yote, daktari anasaini, na sampuli ya mgonjwa inachukuliwa kabla ya chupa ya kwanza ili maabara iendelee huku nyuma. Hiyo sampuli ndiyo tunayonyimwa kila siku. Mgonjwa akishapewa chupa nne za O ndipo tunaletewa mrija, tukipima tunaona makundi mawili yamechanganyika.

Muuguzi wa Zamu

Swali la mwisho kutoka kwangu. Leo usiku nikipata simu kwamba majeruhi anakuja, nikupigie nikuambie nini ili ukimbie?

Mzee wa Kipimo

Jinsia na umri wa kukadiria. Amegongwa, amechomwa au ameanguka. Damu inatoka wapi, na imesimama au bado. Mapigo na presha. Kama huna mashine, niambie tu kama mapigo ya kifundo cha mkono yanashikika, na kama anaongea. Atafika baada ya dakika ngapi. Sihitaji jina, tutampa namba ya dharura, jina litakuja baadaye. Na usinipigie ofisini, usiku simu ya ofisini hailii ndani ya chumba cha friji. Piga ya mkononi ya mtu wa zamu, namba yake ikae ukutani pale mapokezi.